Pembe za Shamba: Msaada wa Kodi ya Nyumba, Ni Fadhili au Ni Haki?



Jioni moja, miaka michache iliyopita, baada ya sala tulikaa watu watatu na mama mmoja wa ushirika wetu kwenye meza ya ukumbi, tukimsaidia kujaza karatasi za halmashauri ya mji. Mama huyu ni mfanyakazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Hupewa saa chache juma hili na saa nyingi juma lijalo, kwa hiyo mshahara wake hautoshi kodi, naye husaidiwa na serikali kama wengi wetu tunaoishi katika nchi hii ya Uingereza. Mwanawe wa mwisho alikuwa amekwisha kuhama. Nyumba yake ya vyumba viwili vya kulala ikahesabiwa kuwa ina chumba kimoja cha ziada.

Kwa sheria iliyoanza Aprili 2013, mpangaji wa nyumba ya halmashauri au ya shirika la nyumba, ambaye hajafikia umri wa pensheni, akiwa na chumba kimoja cha ziada hukatwa asilimia 14 ya kodi inayohesabiwa katika msaada wake. Akiwa na viwili au zaidi hukatwa asilimia 25. Kodi ya mama huyu ilikuwa pauni 130 kwa juma. Asilimia 14 yake ni pauni 18 na peni 20, yaani karibu pauni 79 kwa mwezi. Fedha hizo hakuwa nazo. Nyumba ya chumba kimoja aliitafuta, hakuipata. Basi akashauriwa aiombe halmashauri msaada wa hiari wa kuziba pengo.

Karatasi ile ilitaka aandike matumizi yake yote: chakula, umeme, nauli, simu, nguo. Mwisho palikuwa na mstari wa mengineyo. Hapo kalamu ikasimama. Akatuuliza, "Hizi pauni 25 ninazompelekea mama yangu nyumbani kila mwezi, niziandike au niziache?"

Mmoja wetu alisema aziache, maana afisa atasema kwamba mwenye fedha ya kupeleka ng'ambo hana shida ya kodi. Mwingine alisema aziandike, kwa kuwa ndiyo kweli, na Mkristo hatii sahihi chini ya uongo. Wa tatu alisema kunyamaza si kusema uongo. Tukabishana hata chai ikapoa. Mwisho mama mwenyewe akaandika, akasema, "Mama yangu hawezi kuwa mengineyo, lakini kwa kuwa mstari mwingine haupo, nitamwandika hapo."

Tangu jioni ile swali hili halikutuacha. Kwa nini mtu mkweli aogope karatasi? Na je, anayeomba msaada wa namna hii anaomba fadhili, au anadai haki yake? Twaomba ruhusa ya kulifikiri pamoja nanyi.

MSAADA HUU NI WA NAMNA GANI

Malipo haya yalianzishwa Julai 2001, na kwenye karatasi huandikwa kwa herufi tatu, DHP. Fedha hutoka serikali kuu, nazo halmashauri huzigawa. Halmashauri yaweza kuongeza kutoka mfuko wake, ila katika Uingereza na Wales jumla haikuruhusiwa kuzidi mara mbili na nusu ya kiasi ilichopewa. Mwombaji hana budi awe anapata Housing Benefit au sehemu ya nyumba katika Universal Credit. Msaada waweza kuziba upungufu wa kodi, na pengine kulipa amana ya nyumba mpya au gharama za kuhama. Kwa kawaida hutolewa kwa muda, miezi mitatu, sita, au mwaka, kisha mtu huomba tena.

Jambo kubwa la kushika ni hili: hakuna mtu mwenye haki ya kuupata. Sheria inasema halmashauri yaweza kulipa. Haisemi itamlipa nani, wala kiasi gani. Ikikataa, hakuna rufani mbele ya baraza huru. Mtu huiomba halmashauri ile ile iangalie tena, na kama sheria yenyewe imevunjwa, njia iliyobaki ni Mahakama Kuu, ambako maskini haendi kwa urahisi.

Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba katika Uingereza yenyewe fedha hizi, kuanzia Aprili 2026, ziunganishwe na misaada mingine ya dharura katika mfuko mmoja ulio mikononi mwa halmashauri. Jina laweza kubadilika. Swali letu ni lile lile.

UZURI WA HIARI

Tusianze kwa kulaumu. Sheria ni kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo kimoja. Wengine itawafaa, wengine itawabana. Sheria ya vyumba huhesabu watu na milango. Haijui kwamba katika chumba kile cha ziada alilala mtoto aliyefariki mwaka jana. Haimhesabu baba ambaye watoto wake huja kulala kwake Jumamosi na Jumapili tu. Haijui kwamba bibi akihamishwa mtaa wa mbali, jirani anayempa dawa zake asubuhi hatamfikia tena.

Hapo ndipo panapohitajika mtu mwenye macho na masikio, awezaye kusema, "Kwa huyu, kanuni itaumiza, tumsaidie." Hiari ikitumiwa vema ni rehema iliyopewa kiti ofisini. Nasi tunajua kwamba maafisa wengi hufanya kazi hiyo kwa moyo, wakiwa na fedha kidogo na barua nyingi mezani. Akimpa huyu, atampunguzia yule. Si kazi nyepesi, na yatupasa kuwaombea wanaoifanya.

UBAYA WAKE

Lakini hiari ina upande wa pili. Kwanza, haina uhakika. Mwenye nyumba hadai kodi kwa hiari. Siku ikifika ataitaka. Mpangaji analipa deni la lazima kwa msaada usio wa lazima. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani iliamua mashauri ya walemavu waliohitaji chumba zaidi, ikaona kwamba malipo haya hayawezi kuwa jibu kamili kwa shida yao, kwa sababu ni ya hiari, muda wake hautabiriki, na kiasi chake hakijulikani kabla. Hilo ndilo analolijua kila mama anayelala usiku akihesabu majuma yaliyobaki.

Pili, hutofautiana mahali na mahali. Wawili wenye shida sawa, wanaotengwa na barabara iliyo mpaka wa halmashauri mbili, waweza kupata majibu mawili.

Tatu, hufungua mlango wa kupima maisha ya mtu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema halmashauri moja ilikosea ilipohesabu posho ya kutunzia ulemavu kana kwamba ni fedha iliyo tayari kulipia kodi. Afisa aliiona fedha asijali kazi yake. Ndivyo tulivyohofu kwamba zile pauni 25 za mama zingeonekana: tarakimu tu, wala si uji na dawa ya mzee aliyemzaa.

Nne, humwingiza mwombaji katika jaribu. Anayedai haki huleta ushahidi wake, basi. Anayeomba fadhili huona kwamba hana budi apendeze. Huanza kujiuliza ni shida ipi itamgusa afisa, na ni kweli ipi aifiche. Tulipokuwa tukibishana pale mezani hatukuwa watu waongo. Tulikuwa watu wenye hofu. Na utaratibu unaomtia mtu mwema hofu ya kusema kweli una jambo la kutubia.

KITI HICHO TULIKIKALIA SISI

Mkristo wa Kianglikana asiseme upesi kwamba haya ni mambo ya serikali. Katika nchi hii, kazi ya kuamua ni maskini yupi asaidiwe ilikuwa karne nyingi kazi ya mtaa wa kanisa. Sheria ya mwaka 1601, zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliwataka walinzi wa kanisa pamoja na wasimamizi wa maskini wakusanye kodi katika mtaa wao na kuwagawia wahitaji. Watu wale walioshika vitabu vya kanisa ndio pia waliomtazama mjane usoni na kusema ndiyo au hapana.

Waliwasaidia wengi, na Mungu awalipe. Lakini sheria ya mwaka 1697 iliagiza kila aliyepokea msaada wa mtaa avae begani alama ya herufi P, pamoja na herufi ya kwanza ya jina la mtaa wake, ili wote wamjue. Agizo hilo lilifutwa mwaka 1810 tu. Kisha mwaka 1834 ikaja sheria iliyotaka mwenye nguvu asisaidiwe mpaka akubali kuingia katika nyumba za kazi, ambazo kwa makusudi zilifanywa kuwa ngumu. Mwaka 1948 sheria hizo za maskini zilikomeshwa. Mwaka 1980 serikali iliweka kanuni mahali pa sehemu kubwa ya hiari ya maafisa. Mwaka 1988, kwa mfuko uliokuwa na kikomo cha fedha, hiari ikarudi.

Kwa hiyo ubishi huu wa kanuni na hiari hauna upya. Nasi hatusimami nje yake tukinyosha kidole. Siku hizi hakuna anayeshonewa herufi begani, lakini aibu ile bado hushonwa kwa maneno na macho.

SHAMBA LA BOAZI

Sasa tuvitazame vitabu vya Torati. Katika Walawi mlango wa 19, na tena katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 24, Mungu anamwagiza mwenye shamba asivune hata pembe zake, wala asirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni, ya yatima na mjane. Angalieni vema. Mwenye shamba hakuulizwa kama anapenda. Maskini hakupiga hodi kwake wala hakueleza matumizi yake. Pembe ya shamba ilikuwa fungu la maskini kwa amri ya Mungu.

Kisha tusome Ruthu mlango wa 2. Ruthu ni mjane, tena mgeni, Mmoabi. Anaingia shambani kuokota masazo, na hapo anatumia haki aliyowekewa na Torati. Boazi anapomwona, anaongeza jambo ambalo hakuna sheria iliyomlazimisha: anawaagiza vijana wake wamwache aokote hata kati ya miganda, wasimwaibishe, tena wamtolee masuke kwa makusudi na kuyaacha chini. Jioni ile Ruthu alimpelekea mkwewe Naomi kama efa ya shayiri.

Hapa, kwa maoni yetu, ndipo lilipo jibu. Haki na fadhili zote mbili zina mahali pake, lakini kwa utaratibu. Haki ni pembe ya shamba. Fadhili ni masuke yaliyotolewa katika miganda. Fadhili ya Boazi ilikuwa njema kwa sababu ilijengwa juu ya haki, haikuwekwa mahali pa haki. Lau Boazi angevuna pembe zote, akazitia ghalani, halafu akamwangushia Ruthu masuke machache, watu wangemsifu kwa ukarimu, lakini mbele za Mungu angekuwa amemnyang'anya mjane gunia na kumrudishia konzi.

Basi tuipime hali ya nchi hii kwa kipimo hicho. Tangu 2011 viwango vya msaada kwa wapangaji wa watu binafsi vilishushwa, vikafuata zile nyumba tatu kati ya kumi zilizo nafuu zaidi, badala ya kodi ya katikati. Kuanzia 2016 mpaka 2020 viwango kwa jumla havikupanda. Vilipandishwa Aprili 2020, vikasimama tena mpaka Aprili 2024; na mwaka uliofuata havikupandishwa. Kodi zenyewe hazikusimama kungoja. Na fedha za malipo ya hiari? Katika mwaka wa 2020/21 serikali iliwapa halmashauri za Uingereza na Wales kama pauni milioni 180. Mwaka 2022/23 zilikuwa milioni 100. Pembe zimepunguzwa, na masuke pia yamepunguzwa.

Huko Uskoti, ambako mamlaka ya malipo haya yalikabidhiwa serikali ya huko mwaka 2017, fedha zimetengwa kwa shabaha ya kufidia kikamilifu pengo la chumba cha ziada. Mtu bado anaomba, lakini anaomba akijua jibu. Kwa hiyo isisemwe kwamba haiwezekani.

Wako watakaotaja neno la Paulo kwa Wathesalonike juu ya mtu asiyetaka kazi. Twajibu kwamba mama yule anawaogesha wazee wa watu usiku kucha. Wengine watasema mlipa kodi ana haki ya kujua fedha zake zinakwenda wapi. Ni kweli, nasi hatupingi maswali. Boazi naye aliuliza habari za Ruthu kwa msimamizi wa wavunaji. Lakini aliuliza ili amsaidie, wala hakuuliza ili apate sababu ya kumfukuza.

YATUPASAYO SISI

Kwanza, tuondoe aibu kati yetu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tumewaona ndugu wanaokuja kanisani kila Jumapili wamevaa vizuri, na barua ya kufukuzwa imo mfukoni. Anayepungukiwa na aseme mapema, deni likiwa la juma moja, wala si la miezi sita.

Pili, mtu asiende peke yake. Mwenye kujua kusoma barua za ofisi akae na asiyejua. Maombi yakikataliwa, tumsaidie kuomba sababu kwa maandishi na kuomba yaangaliwe tena. Mjane wa Luka 18 hakuwa na wakili. Alikuwa na udumivu.

Tatu, tuseme kweli. Tulijifunza hili kwa mama yule. Jibu la kwanza lilikuwa hapana, na lile fungu la mama yake mzazi lilitajwa kama matumizi ya kupunguza. Akaandika barua, akaeleza kwamba katika desturi yetu mtoto kumlisha mzazi si anasa bali ni wajibu, na kwamba Amri Kumi zinasema vivyo hivyo. Halmashauri iliangalia tena, ikampa sehemu ya pengo kwa miezi mitatu. Si ushindi mkubwa. Lakini jina la mama yake halikufichwa.

Nne, tuwe na hadhari. Wako kati yetu ambao ruhusa yao ya kukaa nchini ina sharti la kutotumia fedha za umma. Hao wasijaze karatasi yoyote ya msaada kabla ya kupata shauri la mtu aliyehitimu katika sheria za uhamiaji, maana kosa laweza kuwagharimu ruhusa yenyewe. Torati iliwataja wageni pamoja na maskini; sheria ya nchi imewatoa wengi wao nje ya shamba. Hao ndio hasa mzigo wetu, na mfuko wa rehema wa kanisa ukumbuke hivyo.

Tano, tukichunguze kiti chetu wenyewe. Kamati yetu ya mfuko wa rehema nayo hugawa kwa hiari. Je, hatujapata kuuliza kwanza kama mtu huyu huhudhuria ibada, kama huimba kwaya, kama alichanga kwenye mavuno? Je, jina lake halikutajwa baadaye penye chai? Kabla hatujaandika barua kwa diwani, na yatupasa kumwandikia, tuondoe herufi P katika bega la jirani yetu hapa hapa ukumbini.

Mama yule bado yupo nasi, na kila miezi michache huleta tena karatasi zake mezani. Siku moja alituambia kwamba fedha ikikosekana huumia, lakini kinachomchosha zaidi ni kuthibitisha kila mara kwamba anastahili kuwa na mahali pa kulala. Tulikosa la kumjibu. Labda jibu ndilo hilo tunalosema kila tunapokaribia Meza ya Bwana, kwamba hakuna hata mmoja wetu anayestahili, na hata hivyo mahali pamewekwa.

Mungu atupe mioyo ya kuacha pembe za mashamba yetu, na mikono ya kudondosha masuke bila kumwaibisha mtu. Amina.